Ukienda Luau Hawaii, Achana na Viti vya Mbele

Mara ya kwanza kwenda luau, yaani karamu ya jioni yenye ngoma za visiwani, tulilipia viti vya mbele. Tukafika tumechelewa, maana foleni ya magari jioni kutoka Waikiki, mtaa wa hoteli za ufukweni Honolulu, si ya mchezo. Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alikuwa hajala tangu asubuhi, na kitu cha kwanza alichowekewa kwenye sahani kilikuwa nguruwe. Nguruwe mwenyewe, amechambuliwa nyuzinyuzi, na mpakuaji anatabasamu. Mama alinitazama tu. Wanaomjua wanajua ukimya ule maana yake nini.

Naandika kwa ajili ya ndugu zangu tulio huku Marekani, ambao likizo ikikaribia huniuliza kama luau ni jambo la kutolea pesa. Tiketi nyingi za mtu mzima huvuka dola 100, mkiwa watano mnajua wenyewe. Jibu langu ni nendeni, ila msiende kama tulivyokwenda sisi siku ile. Siku nne baadaye tulijaribu tena mahali pengine, na ndipo nilipojifunza.

Tuanze na chakula. Nguruwe pale si kitoweo cha pembeni, ndiye mwenye shughuli. Wanachimba shimo, wanaliita imu, wanapasha mawe moto mkali, wanamlaza nguruwe mzima kati ya vigogo vya mgomba na majani, kisha wanamfukia kwa saa nyingi. Kuna na laulau, kifurushi cha majani kinachoonekana kama mboga tupu, kumbe ndani mara nyingi mna nyama hiyohiyo. Kama huli nguruwe, piga simu kabla hujalipa. Usiishie kuuliza kama kuna kuku au samaki, uliza kama vina sinia na vijiko vyake vya kupakulia. Mara ya pili niliuliza hivyo na hatukupata shida. Tukala samaki, tukala lomi, ambayo kwangu ni kachumbari ya nyanya na vitunguu iliyotiwa samaki wa chumvi, tukamalizia na haupia, tui la nazi lililogandishwa likakatwa vipande.

Lakini kilichomchangamsha mama ni poi. Ni kama uji mzito wenye rangi ya zambarau iliyofifia. Wageni wenzetu mezani waliuonja kwa ncha ya kijiko na kukunja uso. Mama akachovya kidole, akatulia.

"Mwanangu, hili si jimbi hili?"

Ni jimbi kweli. Linapikwa, linapondwa, na likikaa siku mbili tatu linachachuka. Hata neno luau asili yake ni majani ya jimbi, yale wanayoyapika kwa tui. Mama alimaliza bakuli lake, akahamia langu.

Nikamsimulia kwamba zamani wanawake wa Hawaii walikatazwa kula pamoja na wanaume, tena nguruwe, nazi na aina nyingi za ndizi zilikuwa mwiko kwao, mpaka mwaka 1819 Mfalme Kamehameha II alipoketi kula na wanawake na mwiko ukavunjika. Mama akasema, "Basi wao wameshahalalishiwa. Sisi bado."

Hiyo mara ya pili tulikwenda Laie, kwenye Polynesian Cultural Center, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari kutoka Waikiki. Ni pahali pa kanisa la Wamormoni, pamefunguliwa tangu 1963, kwa hiyo pombe hakuna na Jumapili pamefungwa. Wachezaji wengi ni wanafunzi wa chuo cha jirani. Nasema mfike mchana kwa sababu kabla ya ngoma kuna vijiji vya kutembelea: Samoa, Tonga, Tahiti, Fiji, Maori wa New Zealand na Hawaii yenyewe. Kijana wa Kisamoa alipasua nazi kwa jiwe, akaketi kwenye kibao chenye meno ya chuma, akaanza kukuna. Mama akapiga kelele, "Mbuzi!" Watu wakageuka kumtafuta mnyama. Na mitumbwi yao ina tengo, lile gogo la kuzuia chombo kisipinduke, ubavuni kama ngalawa zetu, tofauti ni kwamba wa Kihawaii una tengo moja, ngalawa ina mawili.

Ukishapita vijijini, usiku hutaona tena "ngoma ya kienyeji" moja tu. Utajua kwamba hula ni ya Hawaii na mikono ndiyo inayosimulia. Kwamba wale wanaokata kiuno mpaka macho yanashindwa kufuata ni Watahiti (mwanangu wa kike alisema ni chakacha iliyoharakishwa, na sikumbishia). Kwamba haka ni ya Wamaori. Ngoma ya visu vya moto inayofunga shughuli ni ya Wasamoa. Kisu chenyewe ni cha zamani, lakini moto uliongezwa 1946 na Msamoa aitwaye Freddie Letuli.

Na viti? Kaeni katikati. Huko mbele unavuta harufu ya mafuta ya mienge, na ndiko wanakotafuta watu wa kupandishwa jukwaani. Mume wangu alipandishwa siku ile ya kwanza. Picha ninazo, amenikataza kuzionyesha.

Wanaoswali wakumbuke kwamba Honolulu jua huzama kati ya saa kumi na mbili kasorobo na saa moja na robo, kutegemea mwezi, yaani mara nyingi ni katikati ya kupakua. Sisi tuliomba kona nyuma ya bustani, tukapewa bila maswali.

Mama amesharudi Tanga. Juzi kanipigia simu: kaponda majimbi, kayaacha siku mbili yachachuke, na kaka zangu wamegoma kula.