Jibu: Kaka kaamka miguu haina nguvu, yaweza kuwa tezi ya shingo?

Dada wa Wete, yaweza. Umesema kutwa alichuma karafuu, usiku akala sahani mbili za wali, alfajiri mapaja hayainuki ila mkono bado unashika kikombe. Na tezi ya shingo anayo. Homoni ya thairoidi, yaani ya tezi hiyo, ikizidi, potasiamu (madini ambayo misuli huyahitaji ili ifanye kazi) hutoka kwenye damu ikaingia ndani ya misuli, misuli ikagoma. Huwapata zaidi wanaume vijana, hasa baada ya wanga mwingi au mapumziko kufuatia kazi nzito. (Basi msikimbilie kusema kachezewa!)

Mpelekeni hospitali sasa hivi, apimwe potasiamu, tezi na moyo. Vidonge vya potasiamu msimpe wenyewe: shambulio likiisha, potasiamu iliyoingia kwenye misuli hurudi kwenye damu, na ikizidi moyo huenda ovyo. Mpaka tezi itibiwe, apunguze wali wa usiku.