Ubao wa freti wa gitaa: kabla hujauliza mti gani, uliza umekauka lini

Mwaka fulani hapa Arusha nilipiga gitaa la besi kwenye ibada ya kwanza na ya pili mfululizo, jua kali, jasho linatoka hadi kwenye viwiko. Nimeshuka tu, mama mmoja wa kwaya akaniambia kaka nishikie mtoto dakika moja nifunge kitenge. Mtoto mwenyewe kavaa kigauni cheupe, ndo siku yake ya kubatizwa. Namrudisha kwa mama yake, mgongoni kuna alama nne nyeusi za vidole. Naangalia mkono wangu wa kushoto, vidole vyeusi tii kama nimetoka kupakia mkaa.

Lile gitaa la besi nililinunua mtumba, nikaambiwa ubao wa freti (ule wa juu ya shingo wenye vile vyuma, unapobonyeza nyuzi) ni "eboni orijino", mbao nyeusi ya bei. Kumbe ni mbao nyeupe tu imepakwa rangi nyeusi, jasho likaimenya. Toka siku hiyo nikienda kuangalia gitaa la mtumba nabeba kitambaa cheupe, nalowesha kidogo na maji au spiriti nasugua juu kabisa kule freti ya mwisho ambako hakuna anayepagusa. Kitambaa kikitoka cheusi, aidha punguza bei au nenda zako. Siyo kwamba mbao iliyopakwa rangi ni mbaya, viwanda vingi vinafanya hivyo hata kwa eboni halali yenye mabaka ya kahawia ili ionekane nyeusi yote, shida ni kuuziwa kwa bei ya kitu kingine.

Sasa machalii wengi wananiuliza, bro nikitaka kubadilisha ubao wa freti niweke mbao gani? Na hapa kwetu swali hilo lina mtego, maana ukifungua kamusi eboni ni mpingo, basi mtu anajua amemaliza. Mafundi wa magitaa duniani wakisema eboni wanamaanisha miti ya jamii ya Diospyros, ile ya Kameruni, Gaboni, Madagaska na huko. Mpingo wetu ni Dalbergia melanoxylon, yaani ni ndugu wa tumbo moja na rozwudi ya India na ya Brazili, zile mbao za kahawia zinazotumika sana kwenye magitaa. Kwa hiyo ukiweka mpingo umeweka rozwudi, ila ni rozwudi iliyozidi wenzake kwa ugumu na weusi. Ndo mbao ya ala za kupuliza kama klarineti na oboe. Kwenye kipimo cha Janka, kile cha kupima nguvu inayotakiwa kuzamisha gololi ya chuma hadi nusu ndani ya mbao, mepo ngumu (ile mbao nyeupe ya magitaa) inacheza kwenye paundi 1,450, rozwudi ya India 2,440, eboni ya Afrika kama 3,080, mpingo unapanda hadi karibu 3,670. Ukiutupa kwenye ndoo ya maji unazama kama jiwe.

Mimi niliposoma hizo namba nikapagawa kwa hamu. Nikashuka Moshi, kuna mchongaji namfahamu, akaniuzia kipande kizuri, cheusi na kamstari ka rangi ya maziwa pembeni, nikaona hapa nimeua. Nikakipeleka kwa fundi seremala mtaa wa Unga Limited. Msumeno wake ulilia siku nzima, vumbi likampa chafya na mikono ikamuwasha wiki nzima (vaeni barakoa jamani, vumbi la mpingo siyo la kuchezea). Tukagundisha mwezi wa tano, mvua za masika bado zinanyesha, freti zikaingia vizuri, nikapiga miezi kadhaa nikiwa mfalme wa mji.

Ikafika Januari. Kwanza nikasikia kitu kinanikwaruza kiganja nikishuka kwenye shingo, ncha za freti zimetokeza pembeni kama meno ya msumeno. Wiki ya pili nikaona ufa mwembamba umeanzia kule juu kwenye nati (kile kidaraja cha nyuzi mwisho wa shingo) unakuja mpaka freti ya tatu, unaweza kuingiza ukucha. Pesa yangu hiyo, na siku mbili za fundi.

Nilichojifunza ni kwamba mbao haisinyai kwa urefu, inasinyaa kwa upana, na freti ni chuma, yenyewe haisinyai, kwa hiyo mbao ikirudi ndani chuma kinabaki nje. Na wachongaji hawana kosa, wao wanapenda mpingo ambao bado una unyevu kwa sababu patasi inaingia vizuri, kinyago kikipata kaufa hakuna anayelia. Ubao wa gitaa una unene wa milimita sita au saba, umebanwa na gundi chini na vyuma ishirini juu, hauna pa kukimbilia. Kwa hali ya hewa yetu ndo mbaya zaidi, masika mbao inakunywa maji, Januari na Februari upepo mkavu unaifyonza, Julai baridi na ukungu wa Meru. Magitaa yanayotoka Dar kwenye joto la bahari yakipandishwa huku yananoga wiki mbili tatu halafu yanaanza kukwaruza mikono, na mwenyewe analaumu kiwanda.

Ndo maana siku hizi mtu akiniuliza mbao gani, mimi namuuliza imekauka muda gani. Rozwudi ya kawaida iliyokaa miaka mitano stoo inaipiga chini mpingo wa miezi minne, hata hapana mjadala. Ukipewa kipande angalia kichwa chake pale kilipokatwa, ile mistari ya pete isimame wima au ikaribie wima, ikilala ubao utakuja kujipinda. Angalia pia kama hakuna fundo. Mpingo ni mti wa kupindapinda na unakua polepole sana, unaweza kuchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa, sasa kwa gitaa la kawaida la freti 22 unatafuta kipande kilichonyooka kama sentimita 47, kwa besi ni kuanzia 60 kwenda juu. Ndo maana cha besi kinasumbua kupatikana. Na ulizia karatasi, mbao ya mpingo inatakiwa iwe na vibali vya misitu, usibebe gogo kwenye bodaboda ukadhani ni kuni. Kwa wanaosafiri na vyombo, jamii yote ya Dalbergia iliingizwa kwenye orodha ya biashara yenye masharti ya CITES (mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini) Januari 2017, mpaka wanamuziki wakapata tabu mipakani, halafu Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaachiwa, isipokuwa vya rozwudi ya Brazili. Hiyo ya Brazili ina sheria zake kali toka 1992.

Halafu watu wa sauti. Najua mnasubiri. Kwa besi lenye freti na pikapu za umeme (vile vinasa sauti chini ya nyuzi), mimi sisikii tofauti ya maana kati ya rozwudi na eboni nikiwa jukwaani na dramu nyuma yangu. Uzi unagusa chuma, haugusi mbao. Nyuzi mpya zinabadilisha sauti kuliko ubao mpya, na ni bei nafuu kuliko ubao. Ila kwa besi lisilo na freti hapo mambo yanageuka, uzi unalala juu ya mbao yenyewe, na zile nyuzi zenye mikwaruzo zinakula ubao kama tupa. Mpiga besi Jaco Pastorius alipaka ubao wa besi lake la Fender epoksi (gundi inayokauka ngumu kama plastiki) kwa sababu hiyo hiyo. Hapo ndo ugumu wa mpingo una kazi ya kweli, na hapo ndo ningesema tumia hela.

Mepo ni nyeupe, Fender walianza nayo miaka ya 50 kabla hawajaingiza rozwudi mwishoni mwa miaka hiyo hiyo, ni nzuri lakini lazima ipakwe vanishi na vanishi ikichubuka uchafu unaingia mbao inakuwa kama meza ya mama ntilie. Usiipake mafuta. Wenge (siyo lile la usingizi) ina vinyweleo vikubwa, mimi siipendi vidoleni, kuna wanaoiapia. Mninga wengi wananiuliza kwa kuwa upo kila karakana, na kweli ni mbao tulivu, haichezi sana na hali ya hewa, lakini bonyeza na ukucha uone, kwa ubao wa freti ni laini, utachimbika. Tengenezea bodi ya gitaa, hapo ni tamu.

Matunzo ni madogo tu. Rozwudi, eboni na mpingo unazifuta vumbi kila ukibadilisha nyuzi, na mara moja au mbili kwa mwaka matone machache ya mafuta, mimi napaka mwisho wa Desemba kabla kiangazi hakijakaza. Matone machache, siyo kukaanga chapati. Januari gitaa likae kwenye begi lake na sponji yenye unyevu ndani ya kikopo cha sabuni kilichotobolewa, usiliegemeze ukutani karibu na dirisha. Na fundi wako kabla hajagundisha mpingo aufute na asetoni tupu, kimiminika cha kuyeyusha mafuta, maana una mafuta yake ya asili na gundi haishiki vizuri juu yake.

Kipande changu cha pili nilikinunua nikiwa na akili. Nikapaka nta ya mshumaa kwenye vichwa vyote viwili ili unyevu usitokee huko peke yake kikapasuka, nikakiweka juu ya kabati, na kila mwisho wa mwezi nakipima kwenye mzani wa mke wangu wa unga wa keki. Siku ya kwanza kilikuwa gramu 741. Mwaka wa kwanza kikashuka, wa pili kikashuka kidogo, masika kinapanda gramu mbili tatu kinashuka tena. Miezi mitatu ya mwisho imesoma 702, 702, 702. Fundi wa Unga Limited kanipigia jana, anauliza nakuja lini, nimemwambia tungoje Februari ipite.