Mafua yalikuwa yanaisha, homa ikarudi

Siku ya tano mwanangu wa miaka miwili na nusu alishaanza kucheza tena. Usiku ule homa ikarudi kwa nguvu. Nilipomvua fulana niliona chini ya mbavu panabonyea kila akivuta hewa. Ilikuwa Julai, Nkuhungu, Dodoma, baridi na lile vumbi linaloingia hata ukifunga madirisha.

Siku ya pili ya mafua nilikuwa nimempa amoksilini iliyobaki kwenye chupa ya dada yake, nikiamini nimewahi. Hospitalini, muuguzi wa zamu hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mama, hiyo dawa ilikuwa ya kutibu nini?" Nikakosa jibu.

Mafua huletwa na virusi, na amoksilini haiui virusi. Lakini puani mwa mtoto mzima kabisa huwa wanaishi bakteria, mara nyingi akiwemo nyumokokasi, yule aletaye nimonia. Kwa kawaida wanakaa bila madhara, kwa sababu ute huwanasa na vinyweleo vidogo sana vya njia ya hewa huusukuma hadi kooni ukamezwa. Virusi vikiingia huviharibu vinyweleo hivyo na ngozi laini iliyovibeba. Kamasi zinatuama, bakteria wanazaana, wanapata njia ya kushuka mapafuni au kupenya sikioni. Ndiyo maana watoto wengi hutoka usaha masikioni baada ya mafua. Hata katika mafua makuu (influenza) yaliyoikumba dunia mwaka 1918, wengi waliokufa walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, usiwahishe dozi ya mabaki: inaua bakteria wanyonge, inawaachia nafasi walio sugu. Wewe hesabu pumzi. Mtoto awe ametulia au amelala, tazama tumbo linavyopanda, dakika nzima kwa saa ya simu. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, 50. Mwaka mmoja hadi mitano, 40. Wangu alikuwa na 52. Kifua kikibonyea, au akishindwa kunyonya, nenda usiku huohuo. Na angalia kadi ya kliniki kama alipata chanjo ya nimonia wiki ya 6, 10 na 14. Haizuii aina zote, ila inakinga dhidi ya nyingi ya zile kali.

Alilazwa, akapewa antibayotiki kwa uzito wake, akapona. Juzi mafua yamemshika tena. Jana usiku nilimfunua fulana nikahesabu: 28.