Maswali yenu kuhusu sandwichi ya Kikuba

Mwezi uliopita niligusia hapa sandwichi ya Kikuba, chakula changu cha mchana karibu kila Ijumaa tangu nihamie Tampa, Florida. Sikutegemea barua nyingi namna hii. Kwa ambao hawakusoma: ni mkate mrefu mweupe uliopasuliwa ubavuni, ndani mna hemu (paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kupikwa), nyama ya nguruwe iliyolazwa kwenye viungo na kuokwa, jibini la matundu la Uswisi, achari ya matango na haradali ya njano. Ukishafungwa hubanwa kwenye chuma cha moto mpaka ngozi ya mkate ikauke na jibini liyeyuke. Haya, tuanze.

*Mama, shemeji yangu yuko Miami. Anasema sandwichi ya Tampa si ya Kikuba kwa sababu wanatia salami. Anasema kweli?*

Mwambie shemeji ale yake kwa raha, ila salami (soseji ngumu ya Kiitalia yenye viungo) asiifukuze. Ina historia, tena historia ya jasho.

Mwaka 1885 Vicente Martínez Ybor, Mhispania mwenye viwanda vya sigara nene za kusokota (cigar), alinunua ardhi pembeni mwa Tampa. Alikuwa ameshahama Havana, mji mkuu wa Kuba, kwenda Key West, kisiwa cha kusini kabisa mwa Florida, wakati Wakuba walipoanza kupigana na Hispania. Mwaka uliofuata sigara zikaanza kusokotwa hapa, na mtaa wake ukaitwa Ybor City. Waliokuja kufanya kazi walikuwa Wakuba weusi na weupe, Wahispania, na Waitalia wengi kutoka kisiwa cha Sicilia. Kila jamii ilianzisha chama chake cha kusaidiana, chenye ukumbi na daktari wake. Lakini kwenye meza za tumbaku na madukani walikuwa pamoja, na watu wanaofanya kazi pamoja huonjana chakula. Tampa wanasimulia kwamba salami iliingia kwenye mkate kupitia kwa Waitalia hao, na kila nikitembea mitaa ile naona ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Miami ni habari nyingine. Wakuba wake wengi walifika baada ya mapinduzi ya Kuba ya 1959, wakaja na sandwichi kama walivyoiacha nyumbani. Hawakuwa na jirani Mwitalia wa kuwaonjesha salami. Kwa hiyo ya Miami ni hemu, nyama ya kuoka, jibini, achari na haradali basi. Ukienda huko uliza pia *croqueta preparada*: sandwichi hiyohiyo, ila ndani wamepachika kroketi za hemu (vibonge vya hemu ya kusagwa vilivyokaangwa) na kuzibana humohumo. Ni nzito, lakini tamu kweli.

Mwaka 2012 baraza la jiji la Tampa lilipitisha azimio rasmi kuitambua sandwichi ya hapa, salami ikiwemo. Miami hawakufurahi. Mimi nakula yenye salami, kwa kuwa pilipili manga yake inaukata ule utamu wa hemu. Ila ya Miami nikipewa siirudishi.

*Shikamoo mama. Naweza kutumia mkate wa kawaida wa slesi?*

Marahaba mwanangu. Hapana. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu sandwichi nyingi za nyumbani zinaharibikia kwenye mkate.

Mkate wa slesi una maji mengi na hauna ngozi. Ukiubana unalowa na kushikamana kama ugali uliopoa. Mkate wa Kikuba ndani ni mwepesi kama pamba, na ngozi yake ni nyembamba, inavunjika kwa sauti. Siri ya wepesi huo ni shahamu ya nguruwe kidogo kwenye donge.

Ybor City kuna La Segunda, waoka mikate tangu 1915, na mikate yao ina urefu wa karibu sentimita 90. Sogea uutazame mmoja: juu yake, kutoka ncha hadi ncha, kuna ukanda mwembamba wa jani lililokauka. Ni jani la palmetto, mti mfupi wa jamii ya mitende wenye majani yaliyotandazika kama miyaa yetu ya kusukia mikeka. Hulilaza bichi juu ya donge kabla ya kuoka. Donge likipanda kwenye joto, mkate unafunguka kwenye mstari wa lile jani, mahali ambapo mwokaji mwingine angechanja kwa wembe. Ukinunua unalibandua mwenyewe. Mara ya kwanza nilidhani ni uchafu. Muuzaji akalibandua taratibu, akanionyesha alama liliyoacha, nyeupe na laini kama kovu la zamani.

Nyumbani, tafuta boflo refu lenye ngozi, la siku hiyohiyo. Mkate mgumu wa Kifaransa utakuchana ufizi. Ukitaka kuoka wewe: unga wa ngano gramu 500, maji ya uvuguvugu mililita 300, hamira vijiko viwili vya chai, sukari kimoja, chumvi viwili, na shahamu au samli gramu 50. Kanda mpaka donge livutike bila kukatika, liache liumuke mara mbili, likunje refu, chanja juu, oka kwa nyuzi 200 kama dakika 25.

*Huku Moshi kitimoto ni cha kukaanga tu. Hiyo ya kuoka naipikaje?*

Hapa mimi niliyekulia Muheza, nchi ya machungwa, nina furaha ya pekee. Wakuba huilaza nyama kwenye mchuzi uitwao mojo (tamka *moho*), na tunda lake kuu ni chungwa kali wanaloliita *naranja agria*. Mwanangu, hilo ni danzi. Lilelile danzi la pwani ambalo watoto hawaligusi na bibi zetu hulitia kwenye achari. Niliponusa mojo kwa mara ya kwanza nilijikuta nimesimama uani kwa bibi.

Chukua bega la nguruwe kilo moja na nusu, lenye mafuta yake. Toboatoboa kwa kisu. Kamua madanzi upate kikombe kimoja. Ukikosa, changanya sehemu mbili za maji ya chungwa na moja ya ndimu. Ponda punje kumi za kitunguu saumu na kijiko kimoja cha mezani cha chumvi, tia kijiko cha chai cha binzari nyembamba na kimoja cha oregano kavu (majani ya kiungo), pilipili manga kidogo, mafuta vijiko vitatu. Mwagia nyama yote, ilale kwenye friji usiku kucha. Kesho yake ioke imefunikwa, nyuzi 160, saa tatu hadi nne, mpaka uma uzunguke ndani bila kupigana nawe. Mwishoni ifunue ipate rangi. Asiye na oveni apalie makaa, machache chini na mengi juu ya kifuniko, kama anavyofanya kwenye mkate wa kumimina. Hakikisha imeiva hadi ndani kabisa. Nyama ya nguruwe isiyoiva inaleta minyoo.

Iache ipoe kabla ya kuikata vipande vyembamba, la sivyo itachambuka. Na ule mchuzi wa chini usimwage. Chovya vipande humo kabla ya kuvipanga kwenye mkate.

*Sina mashine ya kubania.*

Kikaango kizito na kitu kizito. Pasha kikaango moto wa wastani, paka siagi nje ya mkate, laza sandwichi, kisha juu yake weka sufuria yenye tofali safi lililofungwa karatasi ya foili, au kinu kidogo cha jiwe. Dakika tatu au nne, geuza, rudia. Moto ukiwa mkali mkate utaungua na jibini bado gumu. Inatakiwa ipungue unene karibu nusu. Kata mshazari, upate pembe mbili ndefu, uile ingali moto.

*Bi mkubwa, asalaam aleikum. Sisi wa Mombasa hatuli nguruwe. Ndiyo tumekosa?*

Waaleikumu salaam. Hujakosa, lakini kwanza nikutahadharishe: ukipita Florida, kumbuka ile shahamu niliyoitaja. Imo ndani ya mkate wenyewe, kwa hiyo kuomba watoe hemu hakutoshi. Uliza mkate umetengenezwa kwa mafuta gani. Na chuma cha kubania ni kilekile kinachobana za nguruwe.

Nyumbani mambo ni mepesi. Oka mkate kwa samli. Lile bega badilisha kwa bega la kondoo, viungo vilevile na danzi lilelile. Kondoo anapatana na danzi vizuri sana. Mahali pa hemu weka nyama ya bata mzinga ya kukatakata, au ya ng'ombe iliyotiwa chumvi.

Wakuba wenyewe wana sandwichi zisizotiwa nyama ya nguruwe, ingawa mkate wake bado uulizie shahamu. Kuna *pan con bistec*: steki nyembamba ya ng'ombe iliyopigwa ikalainika, vitunguu vya kukaanga, na juu yake vibanzi vyembamba kama njiti za kiberiti. Kuna pia Elena Ruz, yenye bata mzinga, jibini laini la kupaka na jamu ya stroberi. Najua umekunja uso. Onja kwanza. Chumvi na utamu hukutana pale kama kwenye biriani lenye zabibu kavu.

*Medianoche ni nini?*

Maana yake ni usiku wa manane. Ni sandwichi hiyohiyo kwenye mkate mdogo wa mayai, laini, wa njano, wenye sukari kidogo, chakula cha watu wanaotoka kwenye dansi Havana usiku umekwenda. Ukiwa na skonzi nzuri umeshaikaribia.

*Kwa nini hakuna nyanya wala saladi?*

Kwa sababu hubanwa. Nyanya hutoa maji, saladi hunyauka, mkate unalowa. Key West utawakuta wanaoweka saladi, nyanya na mayonezi, na watu wa kule wanapenda hivyo. Mimi natosheka na matango ya siki, tena nayakausha kwa kitambaa kabla ya kuyapanga.

*Jibini la matundu la Uswisi huku Dodoma ni ghali. Nitumie nini?*

Gauda changa. Inayeyuka vizuri na haina makeke. Cheda kali usitie, itafunika danzi.

*Naweza kuwafungia watoto wakale shuleni?*

Ikishabanwa, haifai kufungwa. Ikipoa ndani ya kontena inatoa jasho na ngozi yote inalainika. Ninachofanya mimi ni kuoka nyama Jumamosi, kuikata, na kuigandisha kwenye friza kwa mafungu madogo pamoja na mchuzi wake. Jioni mtoto akirudi na njaa, fungu moja likiwa limeshayeyuka kwenye friji tangu asubuhi, mkate, jibini, kikaango, dakika nane. Mpe na juisi ya ukwaju baridi.