Umemaliza Jang Geum, Sasa Uangalie Nini?

Kwenye tamthilia za kihistoria za Kikorea, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nimemaliza Jumong, nipe nyingine kama ile." Nami humrudishia mtu swali: mle ndani ulipenda nini hasa?

Maana Jumong ina mambo mengi. Kuna aliyevumilia sehemu zote 81 kwa ajili ya upinde, mishale na vita vya kuunda taifa la Goguryeo. Kuna aliyekuwa akimsubiri tu Soseono, mpenzi wa Jumong, kila jioni. Na kuna aliyekaa kwa hamu ya kuwaona wale kaka wawili wa Jumong, Daeso na Yeongpo, wakiumbuka. Watu hawa watatu ukiwapa tamthilia moja, wawili watakurudishia flashi kesho yake na kukwambia hujui kuchagua.

Wengi hutafuta kwa kumfuata stelingi. Amempenda Song Il-gook kwenye Jumong, basi anakimbilia The Kingdom of the Winds ya mwaka 2008, ambako mwigizaji huyohuyo ni Muhyul, mjukuu wa Jumong. Ukiisikia unaona hapo hakuna kubahatisha: sura ileile, ukoo uleule, taifa lilelile. Lakini Muhyul amezaliwa na utabiri mbaya kwamba ataiangamiza familia yake na nchi yake, na tamthilia nzima inatembea chini ya wingu hilo. Aliyezoea kumwona Jumong akitoka kwenye ulegelege akapanda ngazi moja baada ya nyingine, hapa atachoka mapema. Mimi siyo kwamba naiponda, ila siyo "kama ile".

Ushauri wangu ni kwamba umfuate mwongozaji au mwandishi. Majina yao yanapita haraka mwanzoni, watu wanayaruka, na ndiyo yenye siri yote.

Mfano mzuri ni Lee Byung-hoon, aliyeongoza Jang Geum, hadithi ya msichana wa jikoni kasrini, mwaka 2003, sehemu 54. Watu wengi husema waliipenda kwa ajili ya mapishi. Mimi nadhani walipenda kuona mtu akifundishwa. Kumbuka pale Bi Han, mwalimu wake wa mapishi, anapomwambia mtoto Jang Geum amletee maji ya kunywa. Analeta, anaambiwa siyo hayo. Analeta ya moto, siyo. Ya baridi, siyo. Mwishowe mtoto anauliza: tumbo linakuuma? Umepata choo leo? Koo halikukereketi? Kisha ndipo analeta maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo na kumwomba anywe polepole. Kumbe somo halikuwa maji, lilikuwa kumjua anayekunywa. Hakuna upanga hata mmoja, na bado ukimaliza sehemu ile huwezi kulala bila kufungua inayofuata.

Sasa huyu mwongozaji ana njia yake, na akishaipata haiachi. Mtoto wa hali duni, kipaji, mwalimu mkali mwenye huruma, mpinzani mwenye wivu, majungu, kusingiziwa, kufukuzwa, kisha kurudi na ujuzi mpya. Jang Geum anapelekwa kisiwa cha Jeju akiwa mpishi, anarudi mjini akiwa na elimu ya utabibu. Kama hicho ndicho kilichokushika, nenda kwenye Hur Jun ya 1999 hadi 2000, sehemu 64, hadithi ya tabibu aliyekuwepo kweli na ambaye kitabu chake cha tiba, Dongui Bogam, kilikamilika mwaka 1610. Picha yake ni ya zamani, taa hafifu, na wiki ya kwanza utalalamika. Ukifika pale mwalimu anapokufa na kumwachia mwanafunzi mwili wake aupasue ili ajifunze, utanyamaza. Horse Doctor ya 2012 inafuata njia hiyohiyo kwa daktari aliyeanza na farasi. Ni nyepesi zaidi, inafaa kwa anayetaka kucheka katikati.

Lakini kama una subira, mpangilio ninaoupenda kuliko yote ni huu: Dong Yi, halafu Yi San, halafu The Red Sleeve. Usiupindue.

Dong Yi (2010, sehemu 60) ni msichana wa tabaka la watumwa anayefanya kazi kwenye idara ya muziki ya kasri. Anakutana usiku na mwanamume anayejitambulisha kuwa ofisa tu. Katika kufuatilia wahalifu anataka kupanda ukuta, basi anamwamuru yule bwana ainame, anamkanyaga mgongoni na kupanda. Bwana huyo ni mfalme Sukjong, na hajawahi kukanyagwa na mtu tangu azaliwe. Ji Jin-hee anaigiza uso wa yule mfalme kwa namna ambayo hata sasa nikiikumbuka nacheka. (Ndiye yuleyule aliyekuwa mpenzi mpole wa Jang Geum, kama ulikuwa unajiuliza umemwona wapi.)

Dong Yi anazaa mtoto wa kiume, mwerevu, mwenye adabu, kipenzi cha kila mtu. Tamthilia inaisha unamwombea mema.

Kisha unafungua Yi San (2007, sehemu 77), ya mwongozaji huyohuyo. Kwenye kiti cha enzi ameketi mfalme mzee, mkali, mwenye shaka na kila mtu. Mwaka 1762 anaamuru mwanawe mwenyewe, mrithi wa kiti, afungiwe ndani ya sanduku la kuhifadhia mchele, na siku 8 baadaye mwana huyo amekufa. Mzee yule ni Yeongjo, yaani yule mtoto wa Dong Yi. Mama yangu, ninayeangalia naye na ambaye kazi yangu ni kumtafsiria maandishi ya chini, alikataa katakata. "Mtoto wa Dong Yi hawezi kufanya hivyo." Ilibidi nisimamishe picha nimchoree ukoo mzima kwenye karatasi. Aliponielewa alikasirika na mimi, si na mfalme.

Mtoto wa yule aliyefia sandukuni ndiye Yi San, na hapo The Red Sleeve (2021, sehemu 17) inaingia. Inasimulia mapenzi yaleyale ya Yi San na mjakazi wa kasri, bibi wa ukoo wa Seong. Katika Yi San yeye ni mchoraji mpole anayemsubiri mfalme kwa uaminifu. Katika The Red Sleeve ni Deok-im, msichana anayesoma hadithi kwa sauti mbele ya wajakazi wenzake na kulipwa, na mfalme anapomtaka anasita, kwa sababu anajua akikubali maisha yake hayatakuwa yake tena. Tukio moja, majibu mawili kinyume. Ukianza na The Red Sleeve, ile ndefu utaiona inazunguka tu. Ukianza na ndefu, fupi inakuuma mara mbili.

Ndiyo maana watu wakiniomba "inayofanana", mara nyingi nawapa hadithi ileile iliyosimuliwa kutoka upande wa adui. Sisi tunaoijua habari ya ukewenza hatuna haja ya kufundishwa kwamba kila mke ana maelezo yake. Adui mkubwa wa Dong Yi ni Jang Hui-bin, aliyepanda kutoka ujakazi hadi umalkia, akashushwa, na mwaka 1701 akauawa kwa sumu kwa amri ya mume wake. Mwaka 2013 walimtengenezea tamthilia yake, Jang Ok-jung, ambamo yeye ndiye mpenzi wa kweli na Dong Yi ndiye anayekuja kumharibia nyumba. Kusema ukweli si tamthilia bora, inakwenda kwa kujikongoja. Hata hivyo ni tamu kwa mtu aliyemchukia mwanamke huyu kwa sehemu 60. Na historia nayo haikuchagua upande: wake wenza hao wawili, kila mmoja mwanawe alikuja kuwa mfalme.

Wachina walifanya hivyo vizuri zaidi, tena kwa mwaka mmoja. Mwaka 2018 zilitoka Story of Yanxi Palace, sehemu 70, na Ruyi's Royal Love in the Palace, sehemu 87. Mfalme ni mmoja, Qianlong. Wake ni walewale. Katika Yanxi stelingi ni Wei Yingluo, mjakazi mwenye ulimi mkali aliyeingia kasri kumtafuta aliyemuua dada yake, na malkia wa kwanza, Fuca, ni mtu mwema kupita kiasi, huku Nara, mke mwingine anayekuja kuwa malkia baada yake, akigeuka kuwa nyoka. Katika Ruyi, huyo Nara ndiye Ruyi mwenyewe, na ndiye tunayelia naye. Wei ni mnafiki asiye na mfano, na Fuca yuleyule mwema ndiye anayegawa bangili nzuri za dhahabu zilizofichwa dawa ya kuzuia mimba.

Kote kuwili Nara anakata nywele zake, kwa sababu mwaka 1765, katika safari ya kifalme ya kusini, malkia halisi alizikata. Kwa Wamanchu, kabila la ukoo huo wa kifalme, nywele zilikatwa kwa msiba mkubwa wa kifalme, kwa hiyo kuzikata mume yu hai ni sawa na kumwombea kifo. Linganisha mkasi ule katika tamthilia hizi mbili: kwenye moja unauona wazimu, kwenye nyingine unaona mtu aliyechoka. Anza na Yanxi maana inakwenda kasi na Yingluo hakubali kuonewa hata dakika mbili. Ruyi ni ya machozi na ya taratibu, usiipeleke kwa mtu mwenye haraka.

Wale wa vita na siasa sijawasahau. Nyie mfuateni mwandishi Kim Young-hyun. Ndiye aliyeandika Jang Geum, kisha akaungana na Park Sang-yeon wakaandika Queen Seondeok (2009), Deep Rooted Tree (2011) na Six Flying Dragons (2015). Kwenye Queen Seondeok yupo Mishil, adui anayetabasamu huku akikumaliza; anakufa sehemu ya 50, na zile 12 zinazobaki mimi naziona ni za kumalizia tu. Six Flying Dragons ilitoka baadaye lakini matukio yake yanatangulia ya Deep Rooted Tree, basi iangalie kwanza, umwone Yi Bang-won akianza kijana mwenye ndoto na kuishia na damu mikononi, halafu uje umwone mwanawe, Sejong, akibuni herufi za Kikorea chini ya kivuli cha baba huyo.

Kuhusu zilizotafsiriwa na madijei: Jumong ya kutafsiriwa haina shida, upanga ni upanga, na utani wa dijei unanoga. Yanxi au Jang Geum usithubutu. Humo watu wanauana kwa maneno ya heshima, na dijei akitia mzaha juu ya sentensi moja, sehemu tatu mbele hutaelewa kwa nini mtu amepelekwa uhamishoni. Bora maandishi ya chini, hata kama unasoma polepole na kurudisha nyuma.

Majina nayo yaandike pembeni. Mtu mmoja ana jina la utotoni, la cheo, na la ufalme. Yi San huyohuyo utamsikia akiitwa Jeongjo. Ila usiyatafute hayo majina mtandaoni kabla hujamaliza. Hawa ni watu wa historia, na mstari wa kwanza kabisa utakaoufungua utakwambia nani aliuawa, mwaka gani, na kwa amri ya nani.