Sebule ya nini, na viti huna?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Nashukuru umeripoti shuleni salama na mwalimu mwenzako amekupa pa kulala. Unasema dalali amekupatia chumba na sebule hapo Makambako, 80,000 kwa mwezi, ila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali naye anataka mwezi wake. Unaniuliza ukope ulipie, au usubiri mshahara.

Tupige hesabu kwanza. Miezi sita ni 480,000. Ya dalali 80,000. Hiyo ni 560,000, na hapo hujanunua ndoo, kitanda wala pazia. Mshahara wa kwanza wa mwajiriwa mpya unajua mwenyewe hauna tarehe. Mikopo ya kausha damu inayo, tena ya kila wiki.

Usikope, baba. Kusubiri nako usisubiri sana, maana mgeni siku ya tatu mpe jembe, na mwenzako ana mke. Tafuta chumba kimoja cha 40,000 hivi, umwombe mwenye nyumba miezi mitatu. Wengi wanaanza na sita, lakini wakiona mtumishi wa serikali, tena mwalimu wa watoto wao, wanalegea. Hiyo ni 120,000. Sebule itakuja na viti vyake.

Huyo dalali mwache kwanza. Mji kama huo unazungukika kwa miguu asubuhi moja ya Jumamosi. Muulize mama wa genge unakonunua nyanya, muulize mlinzi wa shule. Zaidi ya wote waulize walimu ni nani anahama, kwa sababu chumba cha mwalimu anayehama kinapata mtu kabla dalali hajasikia. Na huyo anayehama atakwambia ukweli wa nyumba, kwa kuwa hana cha kupoteza. Muulize swali moja tu: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki?

Ukiingia chumbani, tazama juu. Sisi huku Korogwe dari ni urembo. Huko, bati tupu usiku wa mwezi wa saba utadhani umelala nje, na ule upepo wenu unapenya kila tundu. Chumba cha bei rahisi kisicho na dari utakilipia kwa mkaa. Na mkaa wenyewe nakuomba: usifunge mlango ukalala na jiko linawaka ndani. Hewa yake haina harufu ya kukushtua, watu hawaamki.

Halafu toka nje, zunguka nyumba yote uangalie kuta. Hapo mpo kwenye barabara kuu ya Mbeya, na njia ya Njombe na Songea inachepukia hapo hapo. Hifadhi ya barabara kuu siku hizi ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukikuta X ya rangi ukutani, alama ya nyumba ya kubomolewa, hata iwe imefutwa-futwa kwa chokaa, aga kwa adabu uondoke. Nyumba hizo hupangishwa bei poa kwa wageni wasiojua.

Mita ya umeme nayo usiisahau. Kama mnachangia na vyumba vingine, uliza mnagawana vipi na nani ana pasi, nani ana friji. Kama ni ya kwako peke yako, uliza chumba kimekaa wazi miezi mingapi. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, sasa ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na miezi ambayo hakuna aliyenunua umeme inajilimbikiza. Unaweza kuweka 10,000 ukashangaa uniti zilizorudi. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mwonyeshe ule ujumbe wa simu, aipunguze kwenye pango. Ongea naye kwa upole, lakini ongea.

Sasa nikwambie nililokuwa sijakwambia. Ulipokuwa na miezi minane, mimi nikiwa nesi mpya, nililipa mwaka mzima kwa mzee mmoja mwenye kanzu safi na maneno matamu. Mwezi wa tatu wakaja ndugu zake wanne na mkokoteni. Nyumba ilikuwa ya marehemu kaka yao, mirathi haijafungwa, na yeye hakuwa na haki ya kupangisha hata banda la kuku. Vyombo vyangu vikawekwa chini ya mwembe. Wewe ulikuwa mgongoni, unacheka, unavuta kitambaa changu cha kichwa. Risiti sikuwa nayo. Yule mzee hela yangu hakurudisha mpaka leo, na kwa kweli nilikuwa nimemwamini kwa ajili ya kanzu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uliza nyumba ile ni ya nani. Wanajua. Mkataba muuandike pale pale mbele ya mwenyekiti, uwe na tarehe ya kuingia, kiasi, na notisi ya miezi mingapi. Kodi yenyewe itume kwa simu kwenye namba yenye jina lile lile la kwenye mkataba. Akikwambia tuma kwa shemeji, simama hapo hapo.

Nimekutumia 130,000. Ni za kikundi, zamu yangu imefika, kwa hiyo usinipigie kunigombeza. Baba yako anasema ukinunua kitanda kabla ya godoro umepotea. Hilo mtaongea wenyewe. Blanketi la kijivu nimempa kondakta wa basi la Mbeya, linaondoka kesho alfajiri. Kaa karibu na simu, atakupigia wakikaribia Makambako.

Mama yako