Tangi jipya la samaki Mbeya: pima maji, usihesabu wiki

Ukinunua tangi la samaki utaambiwa uache maji yakae mwezi mmoja, kisha utie samaki. Kwa joto la Dar es Salaam, muda huo unaweza kutosha. Mimi nipo Uyole, Mbeya, na Juni na Julai maji yasiyo na hita hupoa mno. Bakteria unaowasubiri huzaliana kwa kusuasua, mwezi ukaisha hujapata kitu.

Kazi yao ni hii. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo huunguza matamvua. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo bado ni sumu. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na wewe unaipunguza kwa kubadili sehemu ya maji. Wote hukaa zaidi kwenye sponji ya filta na changarawe, kwa hiyo maji kung'aa si dalili ya lolote. Tena bila amonia hawana chakula: maji matupu yakae hata mwaka, hawatafika.

Mimi huwalisha usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) mkavu usiotiwa chumvi, mmoja au wawili ndani ya soksi ya nailoni. Hunuka, waambie wa nyumbani mapema. Hita iwe nyuzi 27 hivi, filta isizimwe usiku. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, toa sponji kwenye filta uiweke wazi tangini, maana bakteria hawa wanahitaji oksijeni. Maji ya bomba yakae kwanza kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke.

Nunua kipimo cha matone cha kupimia amonia, nitriti na nitrati hata kama ni ghali kuliko samaki wenyewe. Amonia hupanda, hushuka. Nitriti hufuata njia hiyohiyo, na hapa ndipo wengi huchoka. Nitriti ikiisha, weka usipa mwingine. Amonia na nitriti zikibaki sifuri siku kadhaa huku nitrati ikipanda, tangi limekomaa. Badili maji mengi, toa soksi, anza na samaki wachache.

Wanaotaka mbuna, samaki wa rangi wa miambani Ziwa Nyasa, wasikilize zaidi. Mbuna hupenda maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha uasidi) karibu 8, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi ukali. Maji ya mvua peke yake hayawafai. Pia yakikosa chokaa pH huporomoka, bakteria wakasimama kazi. Vipande vya mawe ya chokaa ndani ya filta vinasaidia. Yadondoshee siki kwanza: yakitoa povu, ndiyo yenyewe.

Njia ya mkato ninayoiamini ni moja tu: omba kipande cha sponji iliyotumika kwa rafiki ambaye samaki wake ni wazima, ukibebe kikiwa ndani ya maji ya tangi lake. Usikisuuze bombani.